Bunduki ya misumari ipi ununue kwanza? Mwongozo kwa wanaotengeneza vitu vya mbao nyumbani

Kama una haraka na unataka jibu kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo, ni hili: nunua bunduki ya upepo ya F30 (inapiga misumari myembamba isiyozidi milimita 30), nunua kompresa ndogo isiyotumia oili yenye tangi la lita 24, na pesa itakayobaki itie kwenye klampu na gundi. Nimeupanga mwongozo huu kwa mtu anayefanya kazi za mbao jioni na wikiendi, anayetengeneza trei, fremu za picha, masanduku, shelfu za jikoni, stuli na kabati dogo la viatu. Fundi wa Keko anayetoa seti za makochi kila wiki ana hesabu zake nyingine.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi dukani, na kwa kutoambiwa wanaishia kununua kisichowafaa. Kwenye kazi zetu hizi ndogo, kinachounga mbao ni gundi. Msumari wa upepo, ambao ni mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, umewekwa pale kushikilia vipande viwili visihame hadi gundi ikauke. Ni mkono wa tatu. Zamani, kabla sijawa na bunduki, trei moja ilinichukua jioni nzima kwa sababu nilikuwa na klampu nne tu: nabana, nasubiri, nafungua, nabana upande mwingine. Siku hizi napaka gundi kona zote, naweka skwea (kipimo cha kona mraba), napiga misumari miwili kila kona, naisogeza trei pembeni ikauke na kushika nyingine. Ukishalielewa hilo, utaacha kutamani bunduki kubwa yenye misumari mirefu, na hapo uchaguzi unakuwa rahisi.

Namba za dukani

Muuzaji atakutajia F30, F50, 1013J, ST64, P622, na usipozijua utabaki kuitikia tu. Kwenye jamii ya F, namba ni urefu wa msumari mrefu zaidi ambao bunduki inaumeza, kwa milimita. F30 inapiga kuanzia milimita 10 hadi 30. F50 inafika 50. Kwenye stepla za J, tarakimu mbili za mwisho ndizo urefu wa mguu wa pini, kwa hiyo 1013J ina mguu wa milimita 13. Geji, yaani namba ya unene wa msumari, inakwenda kinyume na unavyodhani: namba ikiwa kubwa, msumari ni mwembamba. Geji 18, ambayo ndiyo ya misumari ya F, ina unene wa kama milimita 1.2. Geji 23 ina milimita 0.6.

Nafasi ya kwanza: F30

Hii ndiyo ya kuanza nayo, na wengine hawatahitaji nyingine maisha yao yote. Ni nyepesi, haili upepo mwingi, misumari yake unaipata karibu kila duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na kichwa cha msumari ni kidogo kiasi kwamba ukikizamisha na kuziba kwa puti ya rangi ya mbao, mgeni hakioni.

Urefu wa msumari uchague hivi: pima unene wa kile kipande unachokipigilia juu, zidisha kwa tatu. Theluthi moja ya msumari ibaki kwenye kipande cha juu, theluthi mbili ziingie cha chini. Plaiwudi ya milimita 9 inataka msumari wa F25 au F30, yaani wa milimita 25 au 30. Ubao wa milimita 18 juu ya mwenzake unataka 50 na zaidi, na hapo F30 imefika mwisho wake. Ukiitumia ni milimita 12 tu zitakazoshika chini, zinazotosha kuzuia ubao usihame gundi ikikauka, mradi usiutikise.

Mbao zetu hazifanani. Paini ya Sao Hill, plaiwudi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi) zinapokea msumari kwa presha ya psi 70 bila shida. Walio Kenya, saiprasi nayo iko hapohapo. Mninga anza na 80, upande kidogokidogo mpaka kichwa kizame. Mkongo mkavu ni mbao nyingine kabisa. Mara nyingi msumari unajikunja juu kama uzi, na ukiongeza presha unapasua kipande chembamba. Kwa mkongo toboa na utumie skrubu, au bana kwa klampu uvumilie. Na usivuke presha ya juu iliyoandikwa kwenye ubavu wa bunduki yenyewe, hata kama kompresa yako ina uwezo.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Ncha ya msumari wa F imekatwa kama patasi, haina ncha ya duara. Ikikutana na nyuzi za mbao zilizopinda, inazifuata. Mwaka juzi nilikuwa natengeneza sanduku la mninga, nimeshika kona kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kiko sentimita mbili kutoka pale nilipopiga. Msumari uliingia wima, ukapinda ndani ya ubao na kutokea ubavuni, moja kwa moja kwenye kidole. Sikuona chochote. Nilisikia tu mlio uleule wa kila siku, halafu kidole kikawa hakitoki kwenye sanduku. Tangu siku ile mkono wangu unakaa mbali kuliko urefu wa msumari niliopakia, na kipande kidogo nakibana kwa klampu badala ya vidole. Pia ninapopiga kwenye ukingo mwembamba naishika bunduki magazini (sehemu inayobeba misumari) ikikatiza ukingo, si kulala nao, maana msumari ukiamua kupinda uelekee kwenye urefu wa ubao badala ya kutokea usoni.

Ukiwa dukani angalia vitu vitatu kwenye F30. Ina skrubu au gurudumu la kurekebisha kina? Ina kofia ya mpira mdomoni, isiache alama kwenye mbao laini? Mdomo unafunguka kwa klipu, au unahitaji spana kila msumari ukikwama? Chapa za Ingco na Total zinapatikana kwa urahisi huku kwetu na zinatosha kwa kazi za nyumbani. Zile zisizo na jina zinaweza kuwa nzuri pia, ila uliza kabisa kama ringi za mpira za ndani zinauzwa. Ringi zikiisha bunduki inavuja upepo, na bila spea umenunua uzito wa kuwekea karatasi.

Kompresa, ambayo ndiyo itakula nusu ya bajeti

F30 inahitaji upepo kidogo sana. Hata tangi la lita 8 linaendesha, isipokuwa litawaka na kuzima kila baada ya muda mfupi. Lita 24 ndiyo saizi ninayoipendekeza: unapiga misumari kadhaa bila kusikia mota, na unaibeba mwenyewe kutoka stoo hadi kibarazani.

Kuna aina mbili. Ya oili inadumu zaidi ikitunzwa, lakini inapiga kelele na hewa yake ina mvuke wa mafuta unaoweza kuharibu vanishi. Isiyo na oili, ile inayouzwa kama ya kimya, unaweza kuiwasha saa mbili usiku bila jirani kugonga ukuta. Kwa anayekaa nyumba ya kupanga yenye ua wa pamoja, hiyo tofauti peke yake inamaliza mjadala. Ukiwa na mpango wa kupuliza vanishi au rangi, hesabu inabadilika: bunduki ya rangi inavuta upepo bila kupumzika, na utahitaji lita 50 au zaidi na mota ya hospawa mbili. Mimi ningenunua ndogo sasa na kuendelea kupaka kwa brashi.

Usiiunganishe kompresa kwa ekstensheni nyembamba ndefu. Inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida. Waya mwembamba unapunguza nguvu, mota inanguruma bila kuzunguka, na koili zinaungua. Ongeza urefu wa mpira wa upepo, si wa waya. Mpira wa mita 10 haupotezi chochote kwa bunduki ndogo.

Halafu kuna maji. Pwani yetu hewa ni nzito, na kompresa ikiibana inayaacha maji ndani ya tangi. Chini ya tangi kuna valvu ndogo. Kila ukimaliza kazi, punguza presha, ifungue, inamisha tangi. Dar es Salaam, msimu wa mvua, hutoka maji ya rangi ya chai ya rangi, na hiyo rangi ni kutu ya tangi lenyewe. Tangi lililoliwa na kutu ndani huku likishikilia presha ni hatari. Kwa sababu hiyo siwashauri wanaoanza wanunue kompresa ya mtumba, hata ikiwa imepakwa rangi mpya inang'aa. Niliwahi kuuziwa moja ya hivyo. Valvu ya chini ilipofunguliwa mara ya kwanza ilitoa tope.

Na isije ikatokea mtu akakushauri uunganishe bunduki kwenye mtungi wa oksijeni wa wachomeleaji kwa kuwa kompresa imeharibika. Oksijeni ikikutana na mafuta yaliyo ndani ya bunduki hulipuka. Gesi nyingine za mtungi nazo usiziguse. Ni hewa ya kompresa tu.

Zinazofuata

Nafasi ya pili naipa bunduki ya pini, geji 23, ambayo dukani hutajwa kama P622 au P630. Pini zake hazina kichwa, tundu lake halihitaji puti. Ni nzuri mno kwa mapambo ya ukingo, fremu nyembamba na vipande ambavyo F30 ingevipasua. Nguvu ya kushika hazina, kwa hiyo bila gundi usijaribu.

Ya tatu ni stepla, 1013J au ya pini nyembamba ya 8016. Ukitengeneza migongo ya kabati kwa plaiwudi ya milimita 3, au ukivalisha viti kitambaa na sponji, hii itapanda hadi nafasi ya pili na pini itashuka. Kwa kitambaa chukua 8016. Miguu yake myembamba haikati nyuzi za kitambaa.

F50 inakuja ya nne. Watu hudhani ni bora kuliko F30 kwa kuwa inapiga zote. Inapiga misumari mirefu, ndiyo, ila ni nzito zaidi, mdomo wake ni mnene na hauingii kwenye kona finyu, na baadhi hazipigi chini ya milimita 15. Inunue siku utakapoanza kuunga mbao za milimita 18.

Bunduki za betri ni raha kuzitumia, hazina mpira wa kuburuza, lakini bei yake inaweza kununua F30, kompresa na misumari ya mwaka mzima, chenji ikabaki. Zinamfaa anayefanya kazi kwenye nyumba za watu. Za kuchomeka ukutani bila kompresa sizipendekezi. Kwenye mninga huacha msumari umesimama nusu.

ST64 ni ya kupiga misumari ya zege. Iache dukani.

Vifaa vidogo, kabla ya bunduki ya pili

Miwani ya kinga inanunuliwa siku ileile na bunduki, duka lilelile, na inavaliwa kabla mpira haujaunganishwa. Baada ya hapo, klampu nne hadi sita, maana bunduki haiziondoi kazini. Skwea ya chuma: ipime hapohapo dukani kwa kuchora mstari kutoka ukingo ulionyooka, kuigeuza upande wa pili na kuchora tena. Mistari ikiachana, rudisha. Panchi ndogo ya kuzamisha vichwa vilivyobaki juu. Koleo yenye meno makali, kwa ajili ya msumari uliotokea ubavuni. Uvute kuelekea ule upande uliotokea. Patasi moja ya milimita 12 na jiwe la kunolea zitakufaa kuliko seti ya sita butu. Gundi nyeupe ya mbao chukua inayoandikwa kuwa inastahimili maji ikiwa unatengeneza vitu vya jikoni.

Na chupa ndogo ya oili ya vifaa vya upepo: matone mawili au matatu kwenye tundu la kuunganishia mpira kabla ya kuanza kazi ya siku. Kabla ya kunyofoa msumari uliokwama, chomoa mpira kwanza, hata kama ni mara ya kumi siku hiyo.

Usiondoke dukani kabla muuzaji hajaiunganisha bunduki kwenye upepo mbele yako. Weka sikio karibu na mgongo wake. Ikitoa sauti ya kuvuja bila kubonyezwa, omba nyingine. Nenda na vipande viwili vya mbao mfukoni, kimoja paini na kimoja mninga, upige misumari mitano kila kimoja. Kisha nunua boksi la misumari ya F30 na boksi la F20, na ukifika nyumbani ihamishie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Misumari iliyoota kutu kwa hewa ya bahari hugandamana na kukwama kwenye magazini.