Msasa wa maji kwa shingo ya gitaa yenye madoa

Msasa huu unaouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Dodoma unasafisha vizuri doa lililo juu ya vanishi, ila namba ndiyo kila kitu: ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi. Wa 400 ni mkali mno: unatoboa vanishi, na jasho likishapenya hadi kwenye mbao, weusi wake hautoki kwa kusugua juujuu. Anza na 1000, malizia na 2000, maji kiasi yenye tone la sabuni, ukifuata urefu wa shingo. Freti, vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, zifunike kwa tepu ya karatasi. Tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, usiiguse kabisa. Inayeyusha vanishi ya nitroselulosi, aina iliyo kwenye magitaa mengi ya zamani. Umanjano wa uzee uache, huo si uchafu. Ukipaka vanishi upya, paka ndani: upepo wa Dodoma na vumbi lake!