Mkaa wa Mathenge Madukani Malindi: Moto Mzuri, Kisiki Je?

Kwa miezi mitatu sasa jikoni kwetu hapa Malindi tunatumia mkaa wa mathenge (mti wa miiba uitwao pia prosopis), ambao muuzaji wetu huletewa kwa lori kutoka upande wa Garsen. Kwa upishi sina lawama kubwa. Ni mzito, ukigonganishwa hulia, na wali wa nazi ukipaliwa kwa makaa yake machache hukauka vizuri bila kuungua. Kasoro zake ni cheche wakati wa kuwasha, hasa kwa vipande ambavyo havikuiva tanurini, na chenga nyingi chini ya gunia.

Hata hivyo, sikuuchagua kwa ajili ya moto peke yake; nilitumaini pia kwamba kuununua kungesaidia kupunguza mti unaoenea kupita kiasi. Mti huu wa bara la Amerika ulipandwa Bura na Hola, kando ya Mto Tana, katika miaka ya 1980, ili kuzuia mmomonyoko na kuwapatia watu kuni. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ikautangaza kuwa gugu haribifu. Mbuzi na ng'ombe hula maganda yake matamu, mbegu zikapita tumboni salama na kuota penye samadi, na zile zinazosombwa na mafuriko hutua katika mashamba na malisho ya chini ya mto. Panaposhika vichaka vyake, nyasi hufifia, miche ya miti ya asili ya msitu wa mtoni hukosa nafasi, na malka, yaani njia za mifugo kwenda kunywa maji, huzibwa na miiba inayotoboa hata tairi.

Ndiyo maana nilimuuliza muuzaji visiki hufanywaje. Alijibu, bila wasiwasi wowote, kwamba mti hukatwa tu na kuachwa. Hapo ndipo bidhaa hii inaponipunguzia imani, kwa sababu mathenge uliokatwa juu ya ardhi huchipua mashina mengi mahali pa moja: kwa mchoma mkaa hayo ni mavuno ya kesho, ila kwa ukingo wa mto ni kichaka kizito kuliko cha awali. Isitoshe, katika gunia la mwisho nilikuta vipande vyepesi ambavyo kwa hakika si mathenge, na mnunuzi hana njia ya kujua ni mti gani wa asili ulioangushwa.

Nampa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza atakapoleta mkaa wa wachomaji wanaong'oa kisiki pamoja na shina la mizizi, yaani sehemu iliyo chini ya udongo inayochipua tena.