Uzoefu wangu na mbwa wa saluki na klabu yake Uingereza

Anayetaka mbwa wa kumtii kila anapomwita asijisumbue na saluki. Jike ninayemfuga hapa Uingereza, mwenye rangi ya maziwa na manyoya marefu laini masikioni, hushinda amelala kwenye kochi bila kubweka, lakini akimwona sungura ng'ambo ya uwanja hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Wala huo si ukaidi, kwani kwa karne nyingi Wabedui, Waarabu wahamaji wa jangwani, walimtumia kuwinda paa kwa macho na kwa mbio, akijiamulia mwenyewe njia ya kumkabili mnyama huku bwana wake akiwa mbali nyuma. Walimthamini hata wakamruhusu kulala hemani, jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi ya ndugu zetu wa pwani.

Kilichonisaidia zaidi ni klabu ya wapenzi wa mbwa hawa, Saluki or Gazelle Hound Club, iliyoundwa mwaka 1923, miaka mingi baada ya Florence Amherst kuanza kuwafuga saluki nchini mnamo 1895. Wanachama niliokutana nao hawakuwa na haraka ya kunitafutia mbwa. Walitaka kwanza kujua uzio wangu una kimo gani na nani hushinda nyumbani. Mama mmoja alinionyesha kwa vidole vyake kwamba kichwa cha saluki ni chembamba kuliko shingo, hivyo ukosi wa kawaida humvuka kwa urahisi na unahitajika ule mpana wa ngozi. Alinifundisha pia kumvisha mrija wa kitambaa kichwani wakati wa kula, la sivyo masikio huingia kwenye bakuli na manyoya yakaganda mchuzi. Jambo kubwa kuliko yote lilihusu nusukaputi: kwa kuwa mbwa hawa hawana mafuta mengi mwilini, baadhi ya dawa hizo hukaa muda mrefu kabla ya kuwatoka, na daktari wa mifugo lazima akumbushwe mapema.

Maonyesho ya urembo wa mbwa yalinichosha, nakiri. Nilifurahia zaidi mbio za kufukuza chambo cha plastiki kinachovutwa kwa mashine, maana sheria ya mwaka 2004 ilipiga marufuku kuwindisha mbwa sungura-pori katika Uingereza na Wales.

Vitoto ni vichache na husubiriwa. Kwa anayeanza ningependekeza achukue saluki mkubwa anayetafutiwa makazi mapya, kwa kuwa huyo tabia zake tayari zinajulikana.