Dopla ya mkononi ya mapigo ya mtoto: tumeipima kwa jicho la kliniki

Dopla ndogo zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba hapa Tanga zina kazi moja, na hiyo zinaiweza: kuhesabu mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Kabla ya kulipa, soma maandishi kwenye kichwa kinachogusa tumbo. Kiwe cha megahezi (MHz) 2 au 3. Cha 8 ni cha mishipa ya mikono na miguu, na kwa macho vinafanana.

Mama aegemee mto, jeli ipakwe ya kutosha. Ikikauka, hewa huingia kati na sauti hupotea. Mimba ya wiki 12, anzia juu kidogo ya mfupa wa kinena na uinamishe kichwa taratibu bila kukiburuza. Mimba kubwa, papasa kwanza ujue mgongo wa mtoto uko upande gani, usikilize hapo. Mapigo ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika.

Kosa linaloponza wengi ni kunasa mshipa wa mama. Mashine haijui moyo ni wa nani, na mama mwenye homa hufika 120 bila shida, namba ikapendeza kiooni. Kwa hiyo shika mkono wake, uhesabu mapigo yake hukohuko ukisikiliza. Yakienda sawa, bado hujampata mtoto. Kioo nacho wakati mwingine huonyesha nusu au mara mbili. Hesabu mwenyewe dakika nzima.

Muuzaji akikwambia dopla inapima afya ya moyo, anakuza. Moyo wenye tundu unaweza kupiga 140 safi kabisa. Maumbile huonekana kwa ultrasaundi ya wiki 18 hadi 22: vyumba vinne na mishipa mikubwa inayotoka. Mama aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba, au aliyewahi kuzaa mtoto mwenye tatizo la moyo, aulizie kliniki mapema rufaa ya eko (ultrasaundi ya moyo wa mtoto) kwa bingwa, hata ikibidi safari ya Dar es Salaam.

Kwa mkunga wa zahanati yenye kelele, tunasema nunua. Kwa mama nyumbani, hapana: mtoto akipunguza kucheza, ni kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama dopla inalia vizuri. Na fetoskopu ya zamani, ile ya kusikiliza tumbo kwa sikio, ibaki mezani. Haina betri ya kuisha.