Taveta na maziwa yake mawili: uzoefu wangu wa safari tatu kutoka Mombasa

Mtu wa Mombasa huijua Taveta kwa ndizi kabla ya kuijua kwa macho, kwa kuwa mikungu mingi inayoshushwa Kongowea alfajiri hutoka huko. Nami niliijua hivyo kwa miaka mingi, hadi nilipoamua kwenda kuuona mji wenyewe, ulioko mpakani na Tanzania kati ya Ziwa Chala na Ziwa Jipe. Nilikwenda mara tatu katika mwaka mmoja: Januari wakati wa kaskazi, Mei masika yakiwa yamepamba moto, na Agosti upepo wa kusi ukivuma. Kila safari nilikuta mahali tofauti.

Njia ni nyepesi. Nilipanda treni ya SGR Miritini hadi Voi, kisha matatu kwa kilomita zipatazo 110 za lami zinazopita Mwatate na kukata Tsavo Magharibi. Kabla ya kuingia mjini unakiona kilima cha Salaita, ambako tarehe 12 Februari 1916 Wajerumani na askari wao waliyarudisha nyuma majeshi ya Waingereza na ya Afrika Kusini. Ukikitazama leo na vichaka vyake huwezi kudhani kiliwahi kugombewa na yeyote.

Chala ndilo lililonivuta zaidi. Ni ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkeno, lenye kingo za miamba zinazokwenda chini kwa ghafla na kina cha takriban mita 90, na maji yake mengi huja chini kwa chini kutoka Kilimanjaro. Mpaka wa nchi mbili unapita katikati ya maji, pasipo alama yoyote. Januari nilisimama ukingoni nikaona bluu ya wino. Agosti, mahali palepale, maji yalikuwa yameingia ukijani, nikadhani macho yangu yamechoka na safari. Kijana aliyeniongoza alinieleza kwamba ni kazi ya kusi: baridi na upepo huyavuruga maji hadi rutuba ya chini ikapanda juu, na vijimea vya kijani visivyoonekana kwa macho vikastawi. Baadaye nilisoma kwamba mabaki ya vijimea hivyo hutua chini kila mwaka tabaka juu ya tabaka, na kwamba wanasayansi wamezitumia tabaka hizo kusoma mvua na ukame wa miaka 25,000 iliyopita.

Kosa langu lilikuwa kushuka na makubadhi. Njia ni ya mawe yanayoteleza chini ya unyayo, na nusu ya mteremko ukanda wa kushoto ulikatika, nikamaliza safari kwa kushika mizizi ya miti huku yule kijana akiujenga uso wake usicheke. Maji yanashawishi, lakini mimi sikuogelea na simshauri yeyote aogelee, kwani mwaka 2002 msichana Mwingereza aliuawa humo na mamba.

Jipe ni kinyume chake kabisa: ziwa la kina kifupi, limezungukwa na mafunjo, na milima ya Upare imesimama ng'ambo. Safari yangu ya Mei iliharibika hapa. Dereva niliyemkodi mjini aliniahidi gari la kuhimili matope, akaja na gari dogo la chini. Tulikwama katika udongo mwekundu kwa saa tatu, na nilipodai sehemu ya fedha zangu aliniambia mvua si yake. Jambo hilo liliniudhi kuliko matope yenyewe. Ziwa nililiona barabara Agosti, ndani ya mtumbwi, ndege wa majini wakitembea juu ya majani yanayoelea. Mvuvi aliyekuwa akisukuma upondo aliniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, ingiza mkono ndani, hawa viboko hawana mzaha," na sikuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Anayekwenda kwa ajili ya kuutazama mlima Kilimanjaro achague Januari au Februari na aamke mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kilele chake cha Kibo kilikuwa wazi na theluji yake, na kufikia saa tatu wingu lilikuwa limekifunika. Agosti nilikaa siku tatu bila kukiona hata mara moja. Malazi ni ya kawaida, safi lakini yenye kelele za malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Holili, upande wa Tanzania, kwa hiyo omba chumba cha nyuma.

Safari zote niliziandaa ziingiliane na siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, na kila mara nilirudi na mkungu. Ile safari ya nne ninaipanga Novemba, vuli ikianza, na viatu vya kufunga kamba nimeshanunua.