Kibanda cha kuazima vitabu Mtwara mjini, wanaopenda sheria na historia piteni

Wadau wa Mtwara, kuna kibanda cha vitabu vya mtumba njia ya kwenda sokoni, mzee anauza na anaazimisha pia, unaacha elfu tano ya dhamana unalipa buku kwa wiki. Mimi nilichukua kitabu kikuukuu cha Kiingereza cha maisha ya Stephen J. Field, jaji wa Marekani wa karne ya 19, na aisee nimekesha nacho.

Huyu jamaa alikuwa wakili New York ofisi moja na kaka yake, dhahabu ilipopatikana California akapanda meli akafika San Francisco mwisho wa 1849 hana hela ya maana, akaenda Marysville ambako mji ndo kwanza unaanza, Januari 1850 wakamchagua alcalde, yaani hakimu na mkuu wa mji humohumo. Baadae akaletwa jaji mwingine, William Turner, wakakorofishana mahakamani, Turner akamfutia uwakili na kumtia ndani. Field akagombea ubunge wa jimbo la California akapata, wakapanga upya wilaya za mahakama, Turner akajikuta katupwa kaskazini porini. Hapo sikumpenda, bunge siyo la kulipizia visasi.

Ila mwaka 1851 alifanya kitu kikubwa sana, kwenye sheria ya kesi za madai aliweka kwamba mgogoro wa machimbo ukifika mahakamani zipokelewe desturi za wachimbaji wenyewe wa eneo lile, mradi hazigombani na katiba na sheria za jimbo. Sisi wa huku ambao mpaka wa shamba la mikorosho unajulikana kwa mti na kwa midomo ya majirani tunaielewa hiyo vizuri, karatasi peke yake inaweza kumnyang'anya mtu haki yake.

1857 akaingia Mahakama ya Juu ya California, 1859 akawa jaji mkuu baada ya David Terry kujiuzulu akapigane bastola na seneta Broderick, na alimuua kweli. 1863 Rais Lincoln wa chama cha Republican akamteua Mahakama ya Juu ya Marekani wakati Field ni wa chama pinzani cha Democrat, akakaa huko mpaka 1897. Na huko ndo ameniumiza, maana 1879 huyuhuyu alisema San Francisco hawana ruhusa ya kuwanyoa Wachina gerezani ile mikia yao ya nywele, safi kabisa, afu 1889 akaandika hukumu ya kuwafungia mlango Wachina waliotoka wasirudi, na 1896 akawa na wale majaji waliobariki mabehewa ya kuwatenga weusi. Akili yote ile na bado!

Turudi kwa mzee. Anakwambia mapema kurasa gani hazipo, kwenye changu zilikosekana chache za mwisho na alinionyesha kabla sijalipa, hilo nimelipenda sana. Kivuli ndo shida, mchana jua linapiga vitabu moja kwa moja na magamba yanajikunja, mzee wetu tafuta turubai tafadhali. Vya sheria viko boksi la chini kabisa, mwambie Shikamoo kwanza afu umuulize, atakutolea mwenyewe.