Skii kwa mtu wa Tanga: uzoefu wangu nikisindikiza wanafunzi Ufini

Walimu wenzangu wananitania kwamba nilikwenda Ufini kusindikiza watoto nikarudi mwanariadha. Mwanariadha bado. Lakini skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, nimejifunza, kwa umri huu ambao watoto wa jirani pale Chumbageni wameshaanza kuniita bibi. Na kwa kuwa haipiti wiki bila mtu kuniuliza ilikuwaje, gharama zake vipi, na kama mtu wa pwani aliyezoea joto anaweza, nayaandika yote hapa.

Tanga na Kemi ni miji rafiki, na kupitia urafiki huo shule yetu ilipata shule mwenza kule. Kemi uko kaskazini mwa Ufini, mwisho kabisa wa Ghuba ya Bothnia, nyuzi 65 na ushee kaskazini ya ikweta. Sisi tuko nyuzi 5 kusini. Nafundisha jiografia, namba hizo nimeziandika ubaoni miaka na miaka. Mwili ulizielewa siku tuliposhuka kwenye treni ya usiku kutoka Helsinki na pumzi ya kwanza ikanikata pua.

Barua ya mwaliko ilisema siku za skii wasindikizaji wana hiari: kukaa ndani na kahawa, au kuingia darasani na watoto. Niliingia darasani, na ushujaa haukuhusika. Kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri anayesimama pembeni kutazama ndiye anayeganda. Anayehangaika na skii anatoka jasho. Mwenzangu aliyechagua kusimama na kupiga picha alidumu kwa muda wa kunywa chai moja, akaingia ndani.

Nguo kwanza, maana hapo ndipo wazazi wengi waliingiwa na hofu ya gharama. Msinunue mpya. Mitumba ya Ngamiani ina makoti ya skii tele, yanakuja kwenye marobota na wanunuzi wakubwa ni vijana wa bodaboda wanaoamka alfajiri kupeleka abiria Pongwe na Muheza. Suruali zake ni adimu kidogo. Yangu niliivuta chini ya lundo, muuzaji akaniapia, "Mama, hizi ni za mabaharia." Nilimlipa nikamwacha na imani yake. Angalieni zipu, na angalieni kama bitana ya ndani haijachanika, basi. Kinachovaliwa chini ya koti ndicho chenye kazi. Fulana za pamba, leso, dera, vyote tunavyovipenda kwa joto la huku, viacheni nyumbani: pamba hunyonya jasho, ikishalowa haikauki, na ukitulia kidogo baridi inapita hadi kwenye mbavu. Vaeni sufu au zile nguo za michezo za nailoni zinazobana mwili. Ushungi wa kitambaa cha jezi ulikaa vizuri chini ya kofia na hata chini ya helmeti, sikuona taabu yoyote. Glavu chukueni zile zenye nyumba moja ya vidole vyote na gumba peke yake, kwa sababu vidole vikikaa pamoja vinapeana joto.

Leso moja hata hivyo ilifanya kazi kubwa. Mtoto akishavaa koti, kofia na miwani ya theluji, humjui ni wako au wa nani, na mimi nilikuwa na kidato cha pili kizima cha kuhesabu. Nikachana leso nyekundu vipande, kila mmoja nikamfunga mkononi juu ya kiwiko. Mwalimu wa kule aliipenda akili hiyo, akaomba vipande kwa ajili ya darasa lake. Nikamwambia ingebidi nichane na ya pili, na ya pili ndiyo niliyojifunika usiku.

Sasa skii yenyewe. Tulijifunza aina mbili, na zisichanganywe, maana hata viatu vyake ni tofauti.

Ya kwanza ni ile ya kusafiri kwenye tambarare na msituni. Skii ni nyembamba, kiatu ni laini na kimefungwa kwenye vidole tu, kisigino kinainuka ukikanyaga. Shule mwenza ilituazima vifaa vyote kutoka stoo yao, na njia zenyewe, ambazo halmashauri huziandaa kwa mashine inayochonga mifereji miwili ya kupitisha skii, hatukulipia kiingilio. Zina taa pia, kwa sababu katikati ya majira ya baridi jua halikai. Kuna adabu moja ambayo watoto lazima waambiwe mapema: ile mifereji haikanyagwi kwa miguu. Ukitembea juu yake unaiharibu, na hata bibi kizee mpole wa Kifini atakukaripia.

Mwalimu wa michezo wa kule, mama mmoja wa makamo, alitunyang'anya fimbo za kujisukumia kabla hatujaanza. Nilidhani anatukomoa. Kumbe bila fimbo huna cha kuegemea, inabidi ujue siri ya skii ni nini. Siri ni hii: skii imebinuka katikati, chini ya kiatu. Ukisimama kwa miguu yote miwili sawa, sehemu ile ya katikati haigusi theluji sawasawa, kwa hiyo unateleza. Ukiutupa uzito wote kwenye mguu mmoja, katikati inabonyea, na pale chini kuna nta au kipande cha manyoya kinachoikamata theluji, ndipo unapopata pa kujisukumia. Unakamata, unateleza, unahamia mguu wa pili. Mtu mzima anashindwa kwa sababu hataki kuuamini mguu mmoja. Anabana katikati, nusu huku nusu kule, na skii inarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Mama yule alinisimamisha kwenye mguu mmoja, kisha mwingine, akinishika kiuno, mpaka magoti yakakubali.

Watoto hawakuhitaji maelezo hayo. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wanafukuzana, na fimbo wameshapewa. Mimi nilikuwa bado naanguka, tena kuanguka kwenyewe ni kazi ndogo ukilinganisha na kuinuka. Skii ni ndefu kukupita, kila mguu una wa kwake, na ukijaribu kujivuta kwa fimbo unateleza tena. Binti mmoja, mpole wa darasani asiyenyoosha kidole hata siku moja, alikuja akasimama mbele yangu: "Madam, lala ubavu kwanza. Skii zote upande mmoja. Sasa piga magoti." Nikafanya. Nikainuka. Tangu hapo kila nikianguka namtafuta yeye kwa macho, simtafuti mwalimu.

Kupanda kilima mnafungua ncha za mbele za skii pembeni, mikia ikaribiane, mnapanda kwa kingo za ndani. Kushuka ni kinyume chake: ncha zikaribiane, mikia itanuke, na kingo za ndani zikwangue theluji. Hiyo ndiyo breki, nyingine hamna.

Kilichonishinda kusahau ni baharini. Mwisho wa Ghuba ya Bothnia huganda kila mwaka, na watu wa Kemi huteleza juu yake, huvua kwa kutoboa tundu, maisha yanaendelea. Tulipofika ufukweni watoto wangu waligoma kushuka. Wamekulia Raskazone na Sahare, bahari wanaijua, na bahari haikanyagwi. Nikapata kipindi cha jiografia cha bure. Niliwaeleza kwamba maji ya pale yana chumvi kama gramu 3 tu kwa kila lita wakati bahari yetu ina karibu 35, kwa sababu mito mikubwa inamwaga maji yasiyo na chumvi pale, ukiwemo Kemijoki ambao ndio mrefu kuliko yote Ufini, na maji yenye chumvi kidogo hayana ubishi na baridi. Wakanisikiliza kwa heshima, wakabaki ufukweni. Aliyewatoa hofu ni mzee mmoja mvuvi aliyekuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya bahari, kamba ya ndoana mkononi. Mtoto wa mvuvi wa Sahare alimtazama sana, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Madam, huyu mzee akimaliza kuvua, ngalawa yake iko wapi?" Akawa wa kwanza kushuka, wengine wakamfuata.

Jioni ile niliwasimulia habari za Philip Boit, Mkenya aliyepelekwa Ufini kujifunza skii hizi hizi za tambarare. Mwaka 1998 alishindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, akamaliza wa mwisho, na bingwa wa siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akamsubiri mstarini amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina hilo la Dæhlie. Vijana hawakuvutiwa sana na kukumbatiana. Walitaka kujua kama alilipwa.

Aina ya pili ni ya mteremko, na hapa sifa zangu zinapungua. Tulipelekwa kwenye kilima nje ya mji, na vifaa tulikodi kwa kampuni. Viatu ni vya plastiki ngumu, vinakushika hadi chini ya goti, na kutembea navyo kwenye ngazi ni adhabu. Vinatakiwa kubana, hilo nalikubali: kisigino kikicheza ndani, skii haikusikii. Lakini yule kijana wa kukodisha alinipa namba kwa kunitazama tu, bila kunipima, na niliporudi kubadilisha nikakuta foleni. Wakati huo saa ya somo langu inahesabika. Nalichukulia hilo kuwa kosa la huduma, na niliwaambia. Walitabasamu.

Kingine, ada zinakuja kwa mafungu: kukodi vifaa, mwalimu, na tiketi ya mkanda unaokupandisha juu. Anayepanga bajeti ya shule aulize yote matatu kwa maandishi, maana sisi tulitajiwa mafungu mawili. Na msindikizaji anatozwa bei ya mtu mzima kamili hata kama yuko kazini.

Mwalimu mwenyewe alikuwa hodari lakini kijana sana, na alipewa kundi kubwa mno, watoto na wazee pamoja. Mtoto anaiga, anakwenda. Mtu mzima anataka kuelezwa. Hofu inakwambia uegemee nyuma, na ukiegemea nyuma ncha za mbele zinakosa uzito, skii zinakimbia zinakotaka. Dawa yake ni kusukuma mifupa ya miguu mbele ikandamize ulimi wa kiatu, yaani kuinamia kule kule unakokuogopa. Hilo nililijua kwa kumsikiliza mwalimu wa kundi la jirani. Wangu alikuwa anamkimbilia mwanafunzi wangu mmoja aliyeshuka wima hadi kwenye wavu, mikono juu, akipiga vigelegele. Hakuumia, alhamdulillahi, vifungio vya skii za mteremko hufyatuka vyenyewe ukianguka kwa kishindo, na helmeti ilikuwa kichwani. Nilimkalisha mpaka moyo wangu uliporudi mahali pake. Wake haukuwa umetoka.

Tulikwenda wiki ambayo shule za sehemu nyingine za Ufini zilikuwa kwenye likizo yao ya baridi. Likizo hiyo hupangwa kimkoa, kati ya Februari na mwanzo wa Machi, na kaskazini huwa ya mwisho. Shule itakayokwenda ikwepe wiki ambazo watu wa kusini wanapanda juu na familia zao. Kwenye njia za msituni hamtaona tofauti, lakini mteremkoni foleni ni ndefu.

Chakula: shuleni hakuna shaka, tangu 1948 wanafunzi wa Ufini wanapewa mlo wa mchana bure, na wenyeji wetu walituhesabu humo humo. Mkate wao mweusi wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, watoto waliusukuma pembeni siku ya kwanza, baadaye wakaupigania. Angalizo ni matembezi ya porini, ambako desturi ni kuwasha moto na kuchoma soseji, na soseji za kawaida nyingi ni nguruwe. Tuliandika mapema, wakatuwekea za kuku kwenye moto wa peke yake. Chai ya tangawizi nilibeba mwenyewe kwenye chupa.

Kwa hiyo skii za tambarare nazipa nyota tano bila kusita, hasa kwa mtu wa umri wangu: hakuna foleni, hakuna mwendo wa kutisha, na ukichoka unasimama. Mapaja na mikono vitauma, magoti yatasalimika. Za mteremko nazipa tatu, na hizo tatu ni kwa sababu ya furaha ya watoto. Mwenye magoti mabovu asijaribu. Mwenye kutaka kujaribu alipie somo la watu wazima pekee, apime viatu kabla saa haijaanza kuhesabiwa.

Nimeomba kupangiwa tena mwakani. Mkuu wa shule anasema zamu ni ya mwalimu wa hisabati, nami nimeshamwachia suruali ya mabaharia. Koti nimebaki nalo, Julai nina semina Lushoto.